Mfupa, Moto na Maji: Swali la Utohara katika Mkaa wa Kuchujia

Maji ya chemchemi na visima vya mitelemko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, kama yalivyo maji ya sehemu nyingi za Naivasha, Nakuru na Baringo nchini Kenya, hupita katika miamba iliyotokana na volkano, na miamba hiyo huyatia floraidi, yaani madini ambayo kwa kiasi kidogo huyaimarisha meno, lakini yakizidi huyaharibu meno hayo hayo na hatimaye mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika kila lita ya maji ya kunywa, ilhali vyanzo vingi vya Bonde la Ufa hukipita kiwango hicho mara kadhaa. Floraidi haina rangi wala harufu, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Kuyachemsha maji hakuiondoi, bali huikoleza, kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya kudumu yanajengeka huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyoondoka kwa mswaki wala kwa dawa, na pale ambapo kiwango ni kikubwa mno huweza kupata matege na kukua akiwa na miguu iliyopinda.

Miongoni mwa njia nafuu za kuyaponya maji hayo ni kuyapitisha katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha utafiti wa uondoaji wa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara ya maji ya Tanzania, kimekuwa kikichoma mkaa huo kwa ajili ya ndoo za kuchujia maji majumbani, na ng'ambo ya mpaka Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi ya aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Malighafi yake ni kitu kinachotupwa machinjioni, tanuri si jambo la gharama kubwa, na ujuzi wa kuliendesha unaweza kufundishwa kijijini. Hata hivyo, mkaa huu huingia katika maji ya watu wa dini mbalimbali, na hapo huzaa swali ambalo maabara peke yake haiwezi kulijibu: je, kitu kilichotoka kwa mnyama mfu, ambacho baadhi ya wanywaji wanakihesabu kuwa najisi, kinaweza kuyasafisha maji, au maji hutoka yameondokewa na sumu na yameingiwa na unajisi?

Swali hili halipimiki bila kwanza kueleza mkaa hufanya nini. Mkaa wowote wa kusafishia maji hutegemea vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona, vinavyoachwa ndani ya kitu baada ya moto kuvifukuza vitu vinavyoungua na kuwa mvuke au moshi. Vifuu vya nazi, pumba za mpunga au magunzi ya mahindi yakichomwa pasipo hewa ya kutosha hutoa mkaa wa kawaida, na mkaa huo ukipashwa tena moto mkali, kati ya nyuzi 800 na 1,000 za selsiasi, huku ukipigwa na mvuke wa maji, vinyweleo vyake hufunguka na kuongezeka, ukawa kile kinachoitwa mkaa amilifu; njia nyingine ni kuiloweka malighafi katika asidi ya fosfori na kuichoma kwa joto la chini zaidi. Gramu moja tu ya mkaa amilifu mzuri huwa na uso wa ndani wenye eneo la mita za mraba 500 hadi zaidi ya 1,000, na juu ya uso huo uchafu wa asili ya viumbe, rangi, harufu na mabaki ya viuatilifu hunaswa na kushikamana. Kunaswa huku hutofautiana na kunywewa, kwa sababu kinachonaswa hubaki juu ya kuta za vinyweleo wala hakizami ndani ya mkaa wenyewe.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba wenye shaka na mifupa watumie vifuu, na mjadala ungeishia hapo. Lakini mkaa wa mimea, pamoja na wingi wa vinyweleo vyake, huikamata floraidi kwa udhaifu mkubwa, na mkaa wa mifupa, ambao uso wake wa ndani ni takriban mita za mraba 100 tu kwa gramu, ndio unaoikamata vizuri. Sababu ni kwamba katika mkaa wa mifupa kaboni ni sehemu kama moja ya kumi tu, na sehemu kubwa, zaidi ya theluthi mbili, ni haidroksiapatiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo ndiyo hasa ugumu wa mfupa na wa jino. Madini haya hubeba ndani yake vijisehemu vya haidroksili, ambavyo ni muungano wa oksijeni na hidrojeni, na floraidi inapopita huchukua nafasi ya vijisehemu hivyo na kukaa humo. Kwa hiyo floraidi hufanya ndani ya ndoo jambo lile lile ambalo ingelifanya ndani ya mwili wa mtoto: hukimbilia mfupa. Mkaa hutangulia kutoa mfupa wa ng'ombe ili mfupa wa mtoto usalimike, na hakuna namna ya kulieleza jambo hili bila kuona uzito wake.

Joto la tanuri huamua kila kitu. Mifupa iliyochomwa kidogo hubaki na mafuta na mabaki ya nyama, ikayapa maji harufu mbaya na rangi ya manjano ambazo humfanya mnywaji aikimbie ndoo; iliyochomwa kupita kiasi hugeuka nyeupe, madini yake hukakamaa, na uwezo wake wa kukamata floraidi hushuka sana. Wachomaji hulenga nyuzi 400 hadi 500 hivi, na hutazama rangi ya kijivu kama dalili ya kazi iliyofanikiwa.

Sasa fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, ina mizani yake ya maji iliyokuwapo karne nyingi kabla ya kemia ya leo. Maji yanayofaa kwa udhu na josho ni yale yaliyobaki katika asili yake, na yanaponajisika dalili zinazotazamwa ni tatu: rangi, ladha na harufu. Mizani hii ilitosha kwa uchafu ambao binadamu anaweza kuuhisi, na imewalinda watu wengi dhidi ya maji yaliyooza. Lakini maji ya chemchemi yenye miligramu 10 za floraidi kwa lita hupita salama katika dalili zote tatu, na mtu akitawadha kwayo udhu wake ni sahihi, ingawa akiyanywa miaka yote yatamdhuru. Hapa pana mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya, yaani utohara, ambao ni hali ya kitu mbele ya ibada, na usalama, ambao ni hali yake mbele ya mwili. Sheria yenyewe inaujua upande wa pili, kwa maana kukinga madhara ni miongoni mwa misingi yake mikuu, na mtu hana ruhusa ya kujidhuru kwa kinywaji eti kwa kuwa kinywaji hicho ni tohara. Upungufu, ukiwapo, haumo katika sheria. Umo katika kudhani kwamba kitu kikishapewa cheti kimoja hakihitaji cha pili.

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, na wengi wa bara waliopokea dini kutoka pwani, hufuata madhehebu ya Shafii, na madhehebu hayo ni miongoni mwa yaliyo makali zaidi katika jambo hili. Kwa kauli yake iliyo mashuhuri, mfupa wa nyamafu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kisheria, ni najisi kama nyama yake, na kuuchoma hakuutoharishi, kwa sababu kitu kilicho najisi kwa asili yake hakigeuki kuwa tohara isipokuwa katika mambo machache: mvinyo unaogeuka wenyewe kuwa siki, na ngozi ya nyamafu iliyotengenezwa kwa dawa, mbali na ngozi ya mbwa na ya nguruwe. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa kwa vizazi vingi katika darsa za pwani, aliuandika msimamo huo bila kuacha mwanya. Zaidi ya hayo, kwa Shafii maji yaliyo chini ya kula mbili, kipimo ambacho wengi hukikadiria kuwa kama lita 200, hunajisika kwa kuguswa tu na najisi, hata kama rangi, ladha na harufu hazikubadilika. Ndoo ya kuchujia ya nyumbani haifiki hata robo ya kipimo hicho. Basi mfuasi wa Shafii anayeuliza mifupa hii imetoka wapi anauliza swali la kisheria lenye matokeo ya kweli, kwa sababu jibu likiwa baya, maji yote ya nyumba yake yameharibika kwa sala na kwa kunywa pia, na fundi anayemcheka kwa swali hilo hajaelewa anachoulizwa.

Madhehebu mengine yamefuata njia pana zaidi, kwa msingi unaoitwa istihala, yaani kugeuka kwa kitu kutoka dhati moja hadi nyingine kiasi kwamba hukumu ya kwanza haina tena mahali pa kushika. Mfano uliozoeleka katika vitabu vya Hanafi ni wa punda aliyefia katika shimo la chumvi hadi naye akawa chumvi: Muhammad al-Shaybani aliihukumu chumvi hiyo kuwa tohara, ilhali Abu Yusuf, mwenzake katika madhehebu, alikataa. Wapo wanazuoni wa Maliki walioyahukumu majivu ya najisi kuwa tohara, na fikihi ya Jaafari, inayofuatwa na Mashia Ithnaasheri wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, huihesabu istihala miongoni mwa vitoharishi. Ibn Hazm wa Andalusia alifika mbali zaidi aliposhikilia kwamba hukumu hufuata jina, na jina hufuata sifa, hivyo sifa zikiondoka hukumu nayo huondoka. Nyuma ya mabishano haya kuna swali la kale ambalo Aristotle alilichunguza alipotenganisha kubadilika kwa sifa na kubadilika kwa kitu chenyewe: jani linalonyauka limebadilika sifa, lakini kuni iliyogeuka majivu haiko tena.

Ni jambo la kushawishi kuichukua istihala na kuifanya ufunguo wa mlango huu, na watetezi wengi wa teknolojia nafuu wangependa iwe hivyo. Hata hivyo kemia, ikiulizwa kwa uaminifu, haiungi mkono hoja hiyo kikamilifu. Kifuu cha nazi kinapokuwa mkaa amilifu kimegeuka kweli kweli, kwa kuwa karibu kila muungano uliokifanya kifuu umevunjwa na mwingine umejengwa. Mfupa haufanyi hivyo. Moto wa nyuzi 450 huiteketeza protini, mafuta na damu iliyobaki, lakini madini yanayoikamata floraidi ndiyo yale yale yaliyokuwa katika mguu wa ng'ombe akiwa hai. Moto umeyavua vazi la nyama, haukuyaumba upya. Isitoshe, ukizidishwa ili mabadiliko yawe makubwa zaidi, mkaa hupoteza faida yake. Kwa maneno mengine, mkaa wa mifupa hufanya kazi kwa kadiri ulivyobaki mfupa, na anayesema umeshakuwa kitu kingine kabisa anasema jambo ambalo ndoo yake inalikanusha.

Hoja iliyo imara zaidi imo mahali pengine, nayo ni ya Hanafi vilevile. Wanazuoni wao walisema kwamba mfupa, pembe na nywele, isipokuwa vya nguruwe, havikuwa na uhai tangu mwanzo, kwa hiyo mauti hayakuvifikia, na unajisi wa nyamafu unatokana na damu na majimaji yaliyoganda ndani ya nyama. Kwa mtazamo huo moto hauhitaji kuugeuza mfupa. Unahitaji kuuondolea damu na mafuta tu, na hilo ndilo linalofanyika tanurini, tena kwa ukamilifu ambao hakuna maji wala sabuni ingeufikia. Hapa sheria na kemia zinakutana bila mojawapo kulazimishwa, na inashangaza kwamba hoja hii hutajwa mara chache kuliko ile ya istihala.

Fikra kwamba mnyama aliyeunguzwa anaweza kuwa chombo cha utakaso ni ya kale kuliko mabishano haya. Katika Torati, sura ya 19 ya kitabu cha Hesabu inaeleza ibada ya ng'ombe mwekundu, ambaye huteketezwa mzima nje ya kambi, na majivu yake hutiwa katika maji ya kumtakasia mtu aliyegusa maiti, kaburi au mfupa wa binadamu. Ugumu wa ibada hiyo, ambao umewashughulisha wafafanuzi wa Kiyahudi kwa karne nyingi, ni kwamba wanaoshughulika na majivu hayo wenyewe huwa najisi hadi jioni. Kinachomtakasa mmoja humchafua mwingine, na Torati haioni haja ya kuificha hali hiyo. Mtakaso unaobeba gharama kwa anayeutengeneza ni jambo ambalo mchomaji wa mifupa, mwenye nguo zinazonuka moshi wa mafuta, angelielewa haraka kuliko msomi.

Upo pia upinzani ambao moto hauwezi kuugusa kabisa. Nchini India, ambako mamilioni ya watu hunywa maji yenye floraidi nyingi, mkaa wa mifupa haukupata nafasi kubwa, na mojawapo ya sababu ni kwamba kwa Wahindu wengi ng'ombe ni mnyama wa kuheshimiwa, asiyepaswa kuwa malighafi. Huko ilibuniwa njia ya Nalgonda, iliyopewa jina la wilaya moja ya kusini, ambayo hutumia shabu na chokaa kuifanya floraidi izame chini pamoja na tope. Njia hiyo ilijaribiwa Tanzania pia, lakini huzaa tope la kutupwa, huhitaji kipimo sahihi cha dawa kila siku, na hulemewa floraidi inapokuwa nyingi sana. Hata hivyo hoja ya Mhindu inastahili kutofautishwa na ya mfuasi wa Shafii, ingawa wote wawili wanaisukuma ndoo ile ile. Mmoja anasema kitu hiki ni kichafu, na anaweza kuthibitishiwa kwamba uchafu umeondoka. Mwingine anasema kiumbe huyu alidaiwa heshima, na deni hilo halifutwi na joto lolote. Asili ya kitu inaweza kuwa na uzito wa uchafu au uzito wa haki, na uzito wa pili hubaki hata kitu kikigeuka mara mia.

Wengi hukimbilia dharura, yaani kanuni inayoruhusu kilichokatazwa pale ambapo maisha au afya imo hatarini na njia nyingine haipo. Kanuni hiyo ni ya kweli na ni ya rehema, na kijiji ambacho chanzo chake pekee kinawapa watoto matege kimo ndani ya mipaka yake bila shaka. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake, na huondoka njia ya halali inapopatikana. Katika miji ya Tanzania na Kenya njia hiyo ipo karibu sana, kwa sababu kwa desturi ya miaka mingi uchinjaji wa ng'ombe katika machinjio ya umma hufanywa na Waislamu kwa namna ya kisheria, na mifupa ya ng'ombe hao ni tohara kwa madhehebu yote. Tatizo zima la Shafii linaweza kumalizwa kabla ya moto kuwashwa, kwa kuichukua mifupa machinjioni moja kwa moja badala ya kuiokota majalalani na nyuma ya migahawa, ambako mfupa wa ng'ombe, wa nguruwe na wa mnyama aliyejifia hulala pamoja. Kinachotakiwa ni daftari la mapokezi na neno la kweli juu ya gunia.

Anayesema kwamba daftari hilo ni mzigo usio wa lazima kwa bidhaa ya maskini anafaa kukumbushwa jinsi maskini walivyopimiwa zamani. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu maji ya vijijini yawe na hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita, kwa sababu kikomo cha chini kingefunga vyanzo ambavyo havikuwa na mbadala. Uamuzi huo ulieleweka, na huenda mtu mwenye huruma angeufanya vilevile, lakini mwili wa mtoto wa mitelemko ya Meru haukuwahi kuwa na kikomo tofauti na mwili wa mtoto mwingine. Unafuu una haki ya kupunguza gharama ya matofali, ya kuni na ya usafirishaji; hauna haki ya kupunguza ukweli anaodaiwa mnywaji, uwe ukweli wa floraidi au ukweli wa mifupa. Mtu mwenye uwezo huuliza kiungo cha kila anachokula na hujibiwa kwa adabu. Maskini akiuliza huambiwa ashukuru, na huo ni udhalimu hata kama maji anayopewa ni mazuri.

Daftari hilo lina kazi nyingine isiyohusu dini. Mkaa wa mifupa hujaa. Baada ya miezi kadhaa, kutegemea ukali wa maji na wingi wa matumizi, nafasi zake zote huwa zimeshikwa na floraidi, na maji huanza kupita kama yalivyoingia, yakiwa na mng'ao ule ule na utamu ule ule, bila dalili yoyote ya kumwonya mama wa nyumba. Hapo mnywaji hana tegemeo isipokuwa uaminifu wa mtu aliyepima na kuandika tarehe ya kubadilisha. Mtengenezaji aliyezoea kutojali mifupa imetoka wapi hatajali pia mkaa umekwisha lini, kwa kuwa yote mawili ni mambo ambayo mteja hawezi kuyaona na lazima ayaamini. Mfuasi wa Shafii anapodai kujua asili ya mkaa anawafanyia hisani hata majirani zake wasiosali, maana anaidai tabia ambayo usalama wa wote unaitegemea.

Kwa hiyo wachomaji wa mkaa wa mifupa, wa serikali na wa makanisa kwa pamoja, waandike juu ya kila gunia machinjio ulikotoka mfupa, mnyama wake, tarehe ya kuchomwa na muda wa kutumika. Nao masheikh wa Arusha, Manyara na Nakuru wasingoje kuletewa swali na muumini mmoja mmoja mwenye wasiwasi. Waende tanurini, waukague mkaa pamoja na wakemia, watoe fatwa iliyoandikwa kwa Kiswahili, na waseme humo waziwazi kwamba kuyaacha maji yenye floraidi yaendelee kunywewa na watoto, wakati mkaa wa halali unapatikana, ni madhara ambayo sheria haiyakubali.